Chumba cha Boyoma

Viti vya matanga viliingia uani kabla Kanyere hajakubali kwamba mwanawe amekufa. Vijana wa parokia walivileta juu ya kigari cha kusukuma, viti vyeupe vya plastiki vilivyofungwa kamba. Nyuma yao akaja Papa Timothée, mkubwa wa chama cha wafanyabiashara waliotoka Kivu, amebana turubai kwapani. Kanyere alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Hakuinuka.

"Mama Élie, pole sana," alisema Papa Timothée. "Tumeleta bashi ya kufunika uwanja. Papa Apollinaire alitutuma."

"Aliwatuma mufanye nini?"

"Kilio, mama. Mutoto wa batu haendi hivi hivi tu. Banamulilia, banamuombea misa."

"Maiti iko wapi?"

Papa Timothée alilitazama turubai lake. Vijana waliacha kufungua kamba.

"Nauliza, papa. Maiti ya mutoto yangu iko wapi? Nani aliiona? Nani aliiosha?"

"Asumani alifika pale, mama. Aliona mahali."

"Aliona mahali. Hakuona mutu." Kanyere aliweka ungo chini. "Bon. Murudishe viti."

Hawakuvirudisha, kwa kuwa aliyeviomba ni mume wake, lakini hawakuthubutu kuvipanga. Viliachwa vimerundikwa ukutani. Majirani waliokuja na sufuria za madesu, yaani maharagwe, walisimama kidogo, hawajui waketi au waondoke, kisha wakaondoka. Kila aliyepita njiani akajua kwamba katika nyumba ile baba alikuwa amefiwa, lakini mama hakuwa amefiwa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Élie, mtoto wao wa kwanza, alikuwa Goma tangu kabla ya Noeli, akiuza mafuta ya mawese na mchele ambao babake aliutoa Kisangani. Vita vilipoingia mjini Goma, simu yake ilizimika. Kisha Asumani, dereva aliyekuwa akiwabebea mizigo, akafika Kisangani kwa njia za kuzunguka, amekonda, akasema bomu liliangukia depo, ghala lao la mafuta. Mafuta yaliwaka siku nzima, na waliolala ndani hawakutoka. Apollinaire alimsikiliza amesimama, mkono juu ya mzani wa duka, wala hakuuliza swali. Alingoja wiki, akangoja nyingine. Asubuhi moja akafunga duka akaenda kwa padri kuandikisha misa.

Mkewe alikataa kuketi juu ya mkeka. Alikataa kufunga kitambaa cheusi. Watu walianza kusema taratibu kwamba akili imemruka.

*

Jioni ileile Prudence, binti yao, alitoka chumbani na simu mkononi, akamvuta mama yake nyuma ya jiko.

"Mama, usipige kelele. Angalia."

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na jina la kaka yake, na kando ya jina nukta ya kijani. Chini iliandikwa kwamba Élie anasikiliza wimbo sasa hivi.

"Nini hii?"

"Ni Saloni, mama. Ile ya wakati wa corona. Yaya Élie iko en ligne, iko hewani."

Kanyere aliijua Saloni, na hakuipenda. Wakati wa corona, shule zilipofungwa na vijana wakakaa nyumbani bila la kufanya, iliingia Kisangani kama mvua. Ilikuwa tovuti ya kusikiliza muziki pamoja. Mtu anafungua chumba, anaweka wimbo, na wote waliomo wanausikia kwa wakati mmoja, aliye Mangobo, mtaa wa hapa mjini, na aliye Bruxelles, huku wanaandikiana chini yake. Élie alifungua chumba akakiita Boyoma, jina ambalo wenyeji huuitia mji wao wanapoona fahari nao. Kila jioni alikaa uani juu ya bidoni tupu ya mafuta, akiwapangia watu zamu, na kati ya wimbo na wimbo alirusha majina kama wanamuziki wanavyotaja matajiri ndani ya nyimbo. Salamu kwa Claudine wa Mangobo! Salamu kwa tonton wa Johannesburg, mjomba wetu ambaye hajaonja lituma ya ndizi miaka mitano! Mamia waliingia. Wengine walimtumia mega za intaneti ili tu wasikie majina yao yakitajwa. Wasichana wakamwita Président. Apollinaire, akipita na daftari zake za duka, alisema, "Président wa upepo," na Kanyere alicheka pamoja naye.

Kisha mambo yakapoa, na hakuna aliyeweza kusema yalipoa lini. Shule zilifunguliwa. Matangazo ya biashara yakaanza kukata nyimbo katikati. Nyimbo nyingine ziliondolewa, ukizibonyeza unaambiwa hazipatikani katika nchi yako. Halafu zikaja video fupi, ambazo mtu hutazama peke yake, asichokipenda anakifukuza kwa kidole, hangoji zamu ya mwenzake. Claudine aliondoka. Tonton wa Johannesburg akaondoka. Élie alibaki na watu wachache waliojuana kama wateja wa baa moja, mpaka babake alipompeleka Goma akajifunze kazi. Na sasa wenye Saloni walikuwa wametangaza kwamba mwisho wa mwezi wataifunga. Prudence aliingia kuaga tu.

Kanyere aliichukua simu kwa mikono miwili. Wimbo uliisha, mwingine ukaanza.

"Muandikie," alisema.

Prudence aliandika: Yaya, ni wewe? Nukta ya kijani ilikaa kidogo, kisha ikazimika.

*

"Simu iliibwa," alisema Apollinaire. Alikuwa ameketi kitandani, amevua kiatu kimoja. "Mwizi iko nacheza muziki. Ni hiyo tu. Musinitese."

"Mwizi anasikiliza nyimbo za Élie?"

"Mwizi anasikiliza chochote anakuta. Mama Élie, tafazali. Batu banatucheka. Niliita parokia, unafukuza parokia. Nitaweka uso yangu wapi?"

"Uweke kwenye simu uangalie."

Hakuangalia. Alivua kiatu cha pili, akageukia ukuta.

Kesho yake, wakati wa kupika, nukta iliwaka tena. Safari hii Prudence hakuuliza jina. Aliandika: Hii simu ni ya kaka yangu. Mama yangu analia. Tafadhali usizime. Jibu lilichelewa sana, hadi maji ya fufu yakachemka na kumwagika motoni. Kisha likaja: Samahani. Mimi simu nilinunua. Msinishitaki.

Prudence alimwomba namba, wakampigia. Alikuwa msichana wa Goma, jina lake Florentine, mshonaji ambaye tangu vita viingie hakuwa ameshona hata kola, kwa sababu nani anashona nguo wakati ule? Alisema simu aliinunua sokoni kwa mtu anayeuza simu za mkono wa pili. Ndani alikuta Saloni imefunguliwa, na nyimbo zimepangwa tayari. Jioni, kukiwa kimya nje na kimya kile kinamwogopesha, alizifungua.

"Sikujua ni ya marehemu, mama," alisema. "Ningejua, nisingezigusa."

"Usiseme marehemu."

"Pardon, mama."

"Uliifunguaje?" aliuliza Prudence. "Yaya aliweka code."

"Code iliandikwa. Muuzaji alibandika karatasi nyuma, na namba juu yake."

Prudence alimtazama mama yake. Alikuwa msichana wa maneno machache, na sasa alisema polepole, kama anayeogopa kuvunja kitu. "Mama. Mwizi hajui code. Aliyeokota kwa maiti hajui code. Code inatoka kwa mwenyewe."

Kanyere alikaa chini, palepale kwenye majivu.

"Florentine, mwanangu," alisema katika simu, "unaweza kumuuliza yule muuzaji?"

Kutoka nje ya mtaa wake siku zile hakukuwa jambo dogo, na Kanyere alilijua hilo, na bado aliomba.

"Nitaenda, mama," alisema Florentine. "Kama njia iko salama, nitaenda."

*

Alikwenda. Alipopiga, Apollinaire alikuwa dukani pamoja nao, na Prudence akaweka sauti juu ili wote wasikie.

Muuzaji alimkumbuka aliyemletea simu kwa sababu mbili. Kwanza, mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, umeungua. Pili, alichanganya Kiswahili na Lingala, muuzaji akamtania kwamba watu wa Kisangani hawajui lugha hata moja mpaka mwisho. Kijana hakucheka. Alitoa laini yake, akasema namba ya kufungulia, akasema anataka nauli ya boti ya kwenda Bukavu. Hiyo ilikuwa siku nyingi baada ya mafuta kuwaka.

Kanyere alipiga kelele ambayo wauza chumvi wa ng'ambo ya barabara waliisikia. Apollinaire alitoka nje. Walimkuta uani anapakia viti juu ya kigari, peke yake, bila koti, anavirusha kimoja juu ya kingine. Alivisukuma mwenyewe hadi parokia, mtu wa heshima zake, akipishana na waendesha toleka waliopunguza mwendo wa baiskeli zao kumtazama.

Furaha ile haikumaliza usiku. Asubuhi, Kanyere alipokuwa anammiminia mumewe chai, swali lilikuwa limeshakaa mezani kabla halijatamkwa.

"Kama iko hai," alisema, "mbona hapigi?"

"Hana simu."

"Batu bote wana simu. Namba yako imeandikwa kwenye mulango ya duka na rangi nyekundu, tangu iko mudogo. Anaijua kwa kichwa."

Apollinaire alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Wote wawili walikuwa wanasikia maneno yaleyale. Siku za mwisho kabla ya vita kuingia mjini, Élie alipiga simu, na Apollinaire aliiweka juu ya meza ya duka, sauti wazi, kwa sababu alikuwa anapima mchele wa mteja. "Papa, batu banakimbia," alisema Élie. "Depo za jirani zimefungwa. Niruhusu nami niondoke." Apollinaire alisema mafuta hayana miguu ya kukimbia. Élie alisema anaogopa. Ndipo babake aliposema, mbele ya mteja, "Mwanaume hakimbii mali ya baba yake. Ukiacha mali yangu, usirudi hapa kwangu." Kanyere alikuwa amesimama palepale, ameshika mdomo wa gunia. Alifungua kinywa, akamwona mteja, akakifunga.

"Nilisema kwa hasira," alisema Apollinaire.

"Yeye hakusikia hasira. Alisikia usirudi."

Mwanaume yule alifunika uso kwa kiganja. Kwa siku zote zile alikuwa ameyakazania matanga, na sasa Kanyere alielewa kwa nini: mtoto aliyekufa analiliwa, lakini mtoto aliye hai anayekuogopa utamfanyia nini? Alitaka kumwonea huruma na alitaka kumpiga. Alimsogezea sukari.

*

"Hiyo Saloni," Apollinaire alimwambia Prudence jioni. "Inaingiliwa wapi?"

Alivaa miwani. Prudence alimfungulia chumba cha Boyoma. Ndani walikuwamo watu sita, wazoefu waliokuja kukaa na chumba chao hadi kifungwe. Apollinaire aliandika kwa kidole kimoja: Bonsoir. Mimi ni Apollinaire, baba ya Élie.

Mmoja akajibu: Wababa wameingia! Chumba kimekufa kabisa. Mwingine: Papa, hapa hakuna kuingia bure. Weka wimbo kwanza.

Mtu ambaye wanunuzi humvulia kofia alisoma maneno hayo mara mbili. Kanyere alidhani ataizima simu.

"Wimbo unawekwa wapi?" aliuliza.

"Hapa, papa. Gani?"

Apollinaire alimgeukia mkewe. "Élie anapenda gani?"

Kanyere alifungua kinywa. Mwanawe alikaa uani mwake miaka, anapiga muziki kila jioni, na yeye hakujua. Alijua ukubwa wa shati lake, alijua kwamba hali kichwa cha samaki, lakini hakujua hata wimbo mmoja. Ikabidi wampigie Florentine.

"Ule ulio juu ya orodha yake ni wa kwaya," alisema msichana kutoka Goma. "Wa Kinande. Sielewi maneno, mama, lakini unatuliza."

Waliuweka. Sauti za kwaya, kwa lugha ya kwao Kivu, zilijaa jikoni, na katika chumba cha Boyoma mizaha ikakoma. Apollinaire akaandika, akifuta na kuanza upya, hadi jasho likamtoka:

Élie, ni baba yako. Nilikuambia ukiacha mali usirudi. Nilisema vibaya. Mali iliungua, iungue. Rudi nyumbani. Kama huwezi kurudi, piga simu. Sina hasira.

"Andika nami nilikuwa pale," alisema Kanyere.

"Wewe hukusema kitu."

"Ndiyo hiyo uandike."

Akaongeza: Mama yako alikuwa pale, akanyamaza. Anaomba umusamehe yeye pia.

Kisha yule wa mzaha wa kwanza akauliza: Président iko hai? Papa, tunamtafuta wapi? Habari ikatoka chumbani ikaenda kwenye mitandao mingine, kule walikohamia, na siku zilizofuata baadhi yao walirudi. Claudine wa Mangobo aliingia, sasa ana mtoto mgongoni. Tonton wa Johannesburg akaja akaacha salamu. Hawakukaa. Walikuta matangazo yaleyale yanakata nyimbo, wakakumbuka kwa nini waliondoka, wakaondoka tena. Lakini maneno ya Apollinaire yalibaki juu ya ukurasa, kila aingiaye anayasoma, na mwandishi wake alirudi kila jioni kuyachungulia kama mtu aliyetega mtego mtoni.

Siku ya mwisho wa mwezi ilikuwa imekaribia Florentine alipopiga simu mchana, sauti juu.

"Mama, nimefukuzwa!"

"Nani amekufukuza, mwanangu? Askari?"

"Saloni! Nilikuwa nasikiliza, ikafunga yenyewe. Inasema mwenye jina amebadilisha namba ya siri. Mama, mwenye jina!"

Prudence aliinyakua simu yake, akafungua. Nukta ya kijani ilikuwa inawaka. Haikuandika kitu, haikuweka wimbo. Ilikaa katika chumba cha Boyoma kwa muda wa kusoma maneno ya baba, na kuyasoma tena, kisha ikazimika.

"Ni yeye," alisema Kanyere. Alikumbuka msichana bado yuko hewani. "Florentine, nyimbo zako zimekwenda."

"Zilikuwa zake, mama," alisema Florentine. Alikuwa analia kidogo. "Simu imenibakia."

*

Saloni ilifungwa kama ilivyotangazwa. Prudence alibonyeza, ukaja ukurasa mweupe wenye maneno ya asante, kwa Kifaransa. Apollinaire alimwomba abonyeze tena. Baada ya hapo simu ya duka ilipolia, hata ya mdeni tu, aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza, na kila mara uso wake ulianguka.

Namba iliyopiga hatimaye haikuwa ya Kongo. Ilikuwa saa za mchana, duka lina watu, mama mmoja anataka chumvi.

"Allô. Papa."

Apollinaire aliketi juu ya gunia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Niko Burundi, kambini. Simu ni ya mutu, papa, unité yake kidogo, itakatika."

"Kata, nakupigia."

"Usikate!" alipiga kelele Kanyere, akarukia meza, lakini laini ilikuwa imekatika. Prudence alipiga namba ile. Ililia. Ililia tena. Kanyere alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Papa," alisema Élie, na Prudence akaweka sauti wazi. "Mafuta yote iliungua. Nilijaribu kutoa bidoni, nikatoa mbili, moto ikanishika mukono. Mchele pia. Hakuna nilichookoa. Nilisoma uliyoandika, lakini nilisema acha kwanza nipate kazi, nisirudi mikono mitupu..."

"Élie."

"Papa."

"Umekula?"

Upande wa pili mtu alipita akiita jina la mtu mwingine.

"Banatugawia madesu saa hii. Sahani iko hapa."

"Basi kula."

"Nikule sasa? Unité yako itaisha."

"Iishe. Kula."

Apollinaire aliilaza simu juu ya meza, kati ya mzani na mkebe wa sabuni. Mama wa chumvi alirudisha pesa zake kwenye kitenge, akasimama. Walisikia kijiko kikigusa sahani. Walisikia kijana anatafuna, anameza, anavuta pumzi kwa pua kama mtu anayejizuia, kisha kijiko tena. Kanyere aliinama hadi sikio likakaribia kugusa mbao.

Kijiko kiliponyamaza, aliuliza, "Imebaki ingine kwa sahani?"

"Kidogo, mama."

"Maliza," alisema Kanyere. "Tuko hapa."